Misingi ya Hospitali na Mahema Yasiyoacha Alama

Akiolojia, yaani elimu ya kuchunguza maisha ya wanadamu kupitia vitu walivyoviacha ardhini, huhusishwa zaidi na zama za mbali, kama vile zana za mawe za Olduvai au magofu ya Kilwa Kisiwani, ilhali tawi lake moja hushughulikia karne chache tu zilizopita, ambazo nyaraka zake zimehifadhiwa na ambazo wajukuu wa wahusika wake wangali hai. Kwa watafiti wa tawi hilo, hospitali za enzi za ukoloni zina thamani ya pekee, kwa kuwa taasisi ya namna hiyo huacha karatasi nyingi na takataka nyingi kwa wakati mmoja, na mara nyingi viwili hivyo hutofautiana. Karatasi huandikwa na daktari mwenye cheo kwa ajili ya mkubwa wake, lakini takataka hutupwa na kila mtu, akiwamo yule ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Mahali panapoonyesha jambo hilo kwa uwazi ni kati ya Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota, ambamo leo wamo maelfu ya Wasomali, Waoromo, Wakenya na Waafrika Mashariki wengine. Pale mto Minnesota unapoingia katika Mississippi, mahali ambapo Wadakota, watu wa asili wa eneo hilo, hupaita Bdote na ambapo baadhi yao huhesabu kuwa ndipo chimbuko la taifa lao, jeshi la Marekani lilijenga kati ya 1820 na 1825 ngome ya mawe ya chokaa juu ya genge refu, na ngome hiyo ikaja kupewa jina la kamanda aliyesimamia ujenzi, Kanali Josiah Snelling. Fort Snelling haikuwa koloni la nchi ya mbali kama zilivyokuwa Tanganyika au Kenya, bali ilikuwa kituo cha dola iliyokuwa ikipanuka kuelekea magharibi na kuwakalisha raia wake katika ardhi za wengine. Hata hivyo, kwa mtu anayechunguza nani alitibiwa, wapi, na kwa sharti gani, tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Sehemu kubwa ya ngome hiyo ilikuwa imekwisha kubomolewa au kufukiwa kufikia katikati ya karne ya 20, na ya kale yaliyobaki yamesimama yalikuwa minara miwili, nyumba ya kamanda na makazi ya maofisa. Mwaka 1956 ulipotokea mpango wa kupitisha barabara kuu katika eneo hilo, chama cha kihistoria cha jimbo kiliingilia kati, na mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia wakiongozwa na John Callender walichimba na kukuta kwamba misingi ya majengo mengi ilikuwa bado ipo chini ya udongo, jambo lililosaidia kuifanya barabara ipitishwe katika handaki na ngome itangazwe mwaka 1960 kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Uchimbaji uliendelea katika miongo miwili iliyofuata sambamba na kazi ya kuyajenga upya majengo, hospitali ikiwa miongoni mwayo. Kwa hiyo mgeni anayeingia leo katika hospitali ya Fort Snelling anaingia katika jengo la karne ya 20, ambalo umbo lake limetokana na misingi iliyofukuliwa pamoja na michoro ya zamani ya jeshi.

Msingi wa jengo hueleza mambo ambayo taarifa za daktari haziyataji kwa sababu kwake yalikuwa ya kawaida mno. Ukubwa wa chumba huonyesha idadi ya vitanda vilivyoweza kupangwa humo, na mahali pa meko huonyesha mgonjwa yupi alipata joto katika majira ya baridi ya Minnesota, ambamo halijoto huweza kushuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. La maana kuliko hayo ni mahali jengo lilipowekwa. Hospitali hii ilikuwa ndani ya kuta, na kila aliyetaka kuifikia ilimbidi apite kwenye lango lenye walinzi, hivi kwamba swali la nani anastahili kutibiwa lilikuwa limejibiwa kwa sehemu na mwashi kabla daktari hajafungua mlango wake.

Mashimo ya vyoo nayo huwavutia wanaakiolojia kupita kiasi ambacho watu wa kawaida hukiona cha heshima. Katika karne ya 19 shimo la choo lilikuwa pia jalala, na kitu alichotaka mtu kukificha, kama vile chupa ya pombe iliyokatazwa au kopo la dawa ya ugonjwa wa aibu, kilitumbukizwa humo usiku. Udongo wa mashimo ya namna hiyo huweza kuhifadhi mayai ya minyoo kwa mamia ya miaka, mbegu za matunda yaliyoliwa, mifupa ya samaki, na vioo vya chupa ambavyo umri wake hukadiriwa kwa kuangalia kovu lililoachwa kwenye kitako na fimbo ya fundi, au mstari wa kalibu ubavuni. Dawa zenyewe pia huacha alama. Madaktari wa kijeshi wa wakati huo walitegemea sana kalomeli, chumvi ya zebaki iliyotolewa kwa kuharisha, homa, kaswende na karibu kila kitu kingine, na kwa kuwa zebaki haiozi, huendelea kuwapo mahali ilipopitia mwilini na kutoka. Huko Montana, katika kituo cha Travelers' Rest, kupita kwa msafara wa uchunguzi wa Lewis na Clark mwaka 1805 na 1806 kulithibitishwa kwa sehemu kutokana na mabaki ya zebaki yaliyopimwa mwaka 2002 katika udongo wa shimo lililotumiwa kama choo, kwani askari wa msafara huo walikuwa wamepewa vidonge vya zebaki vya kusafisha tumbo. Ni ushahidi usiopendeza, lakini hauwezi kughushiwa.

Upande wa karatasi, Fort Snelling ni tajiri vilevile. Joseph Lovell, aliyeteuliwa mwaka 1818 kuwa mganga mkuu wa jeshi la Marekani, aliwaagiza madaktari wa vituo vyote watoe taarifa za wagonjwa na pia waandike hali ya hewa kila siku, kwa imani ya zama hizo kwamba magonjwa husababishwa na hewa mbaya. Nadharia hiyo imekwisha kutupwa, ila agizo lenyewe limeiachia Minnesota mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi za halijoto katika bara hilo, na wanasayansi wa tabianchi wanaitumia hadi leo.

Kituo chenyewe kilianza kwa msiba ambao hewa haikuuhusu. Wanajeshi wa kwanza, waliofika mwaka 1819 chini ya Luteni Kanali Henry Leavenworth na kupiga kambi ya magogo kusini mwa mto Minnesota, walishikwa na kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini C, ambao huvimbisha ufizi, hulegeza meno na hatimaye huua, na makumi ya watu walikufa katika majira hayo ya baridi wakiwa wanakula nyama ya nguruwe ya chumvi na mkate mbovu. Masika ya 1820 walihamia kwenye chemchemi iitwayo Coldwater, mahali ambapo Wadakota hupaita Mni Owe Sni na kupaheshimu kama mahali patakatifu. Yapo makosa mengi katika kuichukulia tiba kuwa ni daktari na dawa tu. Katika kambi ile daktari alikuwapo, ila mboga hazikuwapo, na kwa sababu hiyo mwanaakiolojia anayechunguza afya huhesabu mifupa ya wanyama na magamba ya samaki kwa makini uleule anaotumia kwa chupa za dawa.

Kisheria, waliokuwa na haki ya kutibiwa na daktari wa ngome walikuwa wachache na walijulikana. Walikuwa maofisa, askari, na wafuaji nguo wa kike ambao jeshi liliwaruhusu kwa idadi maalumu katika kila kombania, likawapa posho ya chakula na huduma ya daktari. Nje ya orodha hiyo kulikuwa na watu wengi zaidi, wakiwamo wafanyabiashara wa ngozi, familia za machotara wa Kifaransa na Kidakota, Wadakota na Waojibwe waliokuja kuonana na wakala wa serikali, pamoja na watumwa. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku katika eneo hilo na maafikiano ya Missouri ya 1820, lakini maofisa walikuja na watumwa wao na jeshi likawalipa posho ya mtumishi, na kwa makadirio ya wanahistoria wa jimbo, katika miaka ya 1820 na 1830 palikuwa na watumwa kati ya 15 na 30 hivi kwa wakati mmoja.

Mmoja wa maofisa hao alikuwa daktari mwenyewe. John Emerson aliwasili mwaka 1836 akitokea Illinois pamoja na Dred Scott, na hapo ngomeni Scott alimwoa Harriet Robinson, mwanamke aliyekuwa akishikiliwa na Lawrence Taliaferro, wakala wa serikali kwa Wadakota. Miaka kumi baadaye wanandoa hao walifungua kesi mjini St. Louis wakidai uhuru kwa hoja kwamba waliishi katika ardhi isiyo ya utumwa, na Mahakama Kuu ya Marekani ikawanyima tarehe 6 Machi 1857 kwa hukumu inayohesabiwa kuwa miongoni mwa mbaya kabisa katika historia yake. Wanasheria husoma kesi hiyo kama suala la katiba, lakini katika historia ya tiba ina maana nyingine: mtu aliyekabidhiwa afya ya kituo kizima aliwamiliki watu waliomfulia na kumpikia, na kuuguzwa kwao kulitegemea hiari yake na thamani yao machoni pake. Inasimuliwa kwamba Emerson aliomba jiko la kuotea moto kwa ajili ya mtumwa wake, mtunza bohari akamnyima, wakapigana, na daktari akaenda kuchukua bastola zake. Watu wamezoea kukitaja kisa hicho kama kichekesho cha maofisa, ingawa kinachostahili kutazamwa ni jiko lenyewe, kwa maana joto katika nchi ile lilikuwa sharti la uhai, na bwana mmoja alipokataa, haikuwapo ofisi ambayo Scott angeweza kwenda kulidai kwa jina lake.

Kuwatambua watumwa hao kwa vitu vilivyochimbuliwa ni kazi ngumu, kwa sababu walitumia vyombo vilevile vya mabwana zao, vikombe vilevile na chupa zilezile. Wanaakiolojia hulazimika kusoma nafasi, hasa jikoni za chini ya makazi ya maofisa, ambamo inaaminika watumwa walifanya kazi na pengine kulala, na kuuliza ni vitu gani vilibaki huko chini ambavyo havikubaki vyumba vya juu.

Kwa Wadakota, tiba ya daktari wa kizungu iliingia kwa njia ya mkataba, na hapa ndipo jambo lote linapopata uzito wake. Tarehe 29 Septemba 1837, mjini Washington, wajumbe wao walitia saini mkataba ulioikabidhi Marekani ardhi yao yote ya mashariki ya Mississippi, na miongoni mwa malipo palikuwa na dola 8,250 kila mwaka kwa miaka 20 kwa ajili ya dawa, zana za kilimo na mifugo, na kumgharimia daktari, wakulima na wahunzi. Saint Paul ya kale imejengwa juu ya ardhi hiyo. Kwa hiyo haiwi sawa kusema kwamba Wadakota walipewa matibabu kama sadaka. Waliyanunua, na bei ilikuwa nchi. Katika fungu hilohilo moja daktari aliwekwa pamoja na plau na mhunzi, na hilo peke yake linaonyesha kwamba tiba ilihesabiwa kuwa sehemu ya mpango wa kuwafanya watu wabadili maisha yao.

Hata chanjo ilifuata ramani ya siasa. Mwaka 1832 bunge la Marekani lilitenga dola 12,000 kwa ajili ya kuwachanja watu wa mataifa asilia dhidi ya ndui, na katika mwaka huo daktari kijana Douglass Houghton aliwachanja Waojibwe wapatao 2,000 akiwa katika msafara wa kuelekea chimbuko la Mississippi. Mataifa ya mto Missouri wa juu, kama vile Wamandan, hayakufikiwa kwa agizo la waziri wa vita, na ndui ilipopanda mto huo kwa meli mwaka 1837, taifa hilo lilikaribia kutoweka.

Vuli ya 1862, baada ya vita vya wiki sita kati ya Wadakota na Marekani vilivyozuka pale malipo ya mikataba yalipochelewa na watu wakaanza kufa njaa, jeshi liliwapeleka Wadakota takriban 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, katika kambi iliyozungushiwa ua wa mbao kwenye bonde la mto chini ya genge la ngome. Katika majira hayo ya baridi surua na maradhi mengine yalipita katika mahema. Ngome yenye daktari na hospitali ilikuwa juu yao, umbali wa kupanda mlima mmoja, na makadirio ya waliokufa ni kati ya 130 na 300. Pengo la makadirio hayo ni ushahidi kwa haki yake yenyewe, likikumbukwa kuwa katika kituo hicho madaktari walikuwa wameagizwa kupima halijoto kila siku tangu mwanzo wake. Mei 1863 waliosalia walipakiwa katika meli na kupelekwa Crow Creek, katika Dakota Kusini ya leo.

Ardhi ya bonde hilo, ambayo sasa ni hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1962, hufurikwa na mto mara kwa mara, na mahema ya turubai hayana misingi. Hapa akiolojia inakutana na udhaifu wake, kwani udongo huhifadhi huduma kwa kadiri ileile ambayo watu waligawiwa. Waliopewa kuta za mawe wameacha kuta za mawe, na waliopewa hema wameacha tope. Mtafiti asiyelizingatia hilo ataandika historia ya tiba ya askari akidhani ameandika historia ya tiba ya Bdote, kosa ambalo kwa miongo mingi liliwapata hata wale waliolijenga upya eneo hilo kwa ajili ya wageni, kwani maonyesho yalihusu maisha ya kijeshi ya miaka ya 1820 na karibu hayakutaja kambi wala utumwa.

Afrika Mashariki ina mfano wa jambo hilohilo. Dar es Salaam, hospitali ambayo Wajerumani waliijengea Wazungu karibu na bahari na kuikamilisha mwaka 1897, ingali imesimama na sasa ni taasisi ya saratani ya Ocean Road, ilhali jengo la awali la hospitali iliyotokana na sadaka ya mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, iliyowahudumia Waafrika na Wahindi, halipo tena na jina limehamia katika wodi za Muhimbili. Nairobi nayo ilikuwa na hospitali ya wenyeji tangu 1901, iliyokuja kuwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Yeyote atakayechimba katika miji hiyo bila kusoma kwanza ramani za mgawanyo wa kirangi atapata picha iliyopinda kama ile ya Minnesota.

Kuna aina moja ya ushahidi ambao hautafutwi tena kwa jembe, nao ni miili. Tarehe 26 Desemba 1862, baada ya vita vile, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na usiku huo madaktari waliifukua miili yao ili kujifunzia upasuaji. Mwili wa Marpiya Okinajin ulichukuliwa na William Worrall Mayo, daktari wa Le Sueur ambaye pamoja na wanawe alikuja kuanzisha kliniki mashuhuri ya Rochester, akautumia kwa masomo ya mifupa. Mabaki ya Taoyateduta, kiongozi wa vita aliyeuawa Julai 1863, yalikaa kwenye mkusanyiko wa chama cha kihistoria cha jimbo, na kwa muda yalionyeshwa hadharani, hadi yaliporudishwa kwa jamaa zake na kuzikwa mwaka 1971. Watu waliokosa kitanda cha hospitali walipata nafasi katika kabati la vielelezo. Na mifupa hiyo, tofauti na mahema, ilihifadhiwa vizuri sana.

Sheria ya Minnesota ya makaburi, iliyoimarishwa mwaka 1976, inayalinda makaburi ya watu wa asili hata yasiyo na alama, na sheria ya taifa ya 1990 inazitaka taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu zirudishe mabaki na vitu vya maziko kwa mataifa husika. Kwa hiyo katika bonde la Bdote na kilima cha Oheyawahi kilicho ng'ambo ya mto, ambako Wadakota walizika wafu wao, watafiti hushauriana na mataifa hayo kabla ya kugusa udongo, na wanapendelea vyombo vinavyopima kilichomo ardhini bila kuchimba. Mwaka 2018 viongozi wa kliniki ya Mayo walikwenda Santee, Nebraska, wakaomba radhi rasmi kwa Wadakota kwa ajili ya mwili wa Marpiya Okinajin, wakatangaza ufadhili wa masomo kwa jina lake, unaomlipia mwanafunzi wa asili anayesomea taaluma ya afya.